Mama wa Meza ya Tano

Cheka ukimaliza kusoma, si sasa. Mimi ni mtu wa Buganguzi, kule Muleba, nauza mitumba Miembeni, Bukoba mjini, na muuza mitumba hatishwi na majini, ameshaona wateja. Haya yalinipata mchana, nikiwa sijaonja hata rubisi, pombe yetu ya ndizi.

Jioni nasomea cheti cha utawala, maana nataka kazi ya mtendaji wa kijiji. Mtihani uliokuwa mbele yangu ulihusu serikali kuu na Bunge. Ukifeli, unarudia mwaka mzima. Basi nikaenda maktaba moja pale mjini Bukoba. Jina lake silitaji, nisije nikafungiwa mlango. Mvua ikashuka, umeme ukakatika. Chumba cha ndani kilikuwa na meza tano. Nilihesabu mara mbili, ndiyo tabia yangu.

Kwenye meza ya tano alikaa mama wa makamo, mwenye sweta la bluu.

"Karibu, waitu. Unatafuta nini?"

Nikamwamkia kwa Kihaya hichohicho, nikamweleza. Akanisogezea punje za kahawa za kutafuna, kama mgeni anavyokaribishwa kwetu. Hazikuwa na ladha hata kidogo, kama natafuna vifungo. Ningeshtuka hapo! Lakini cha bure nani anakikagua?

Niamini, sijawahi kufundishwa vile. Giza lile, hakufungua kitabu hata kimoja. Wakuu wa mikoa wote, akasema, ni wabunge kwa vyeo vyao. Vijana, wafanyakazi na wanaushirika wana wabunge wao. Na Chama ndicho kinachoshika hatamu. Kila mara alisema "Chama" tu, nami sikuuliza kipi.

"Una hakika, mama?"

"Mwanangu, serikali naijua kama mfuko wa sweta hili."

Nikayaandika yote kwenye mtihani. Nikafeli, tena vibaya. Mwalimu alisoma majibu yangu mbele ya darasa, akavua miwani.

"Dada, ungepata alama zote, kama ungefanya mtihani huu kabla hujazaliwa."

Darasa zima likavunjika mbavu. Kesho yake nikafunga kibanda, nikarudi maktaba nikifoka. Dada wa mapokezi hata hakuinua kichwa.

"Mwenye sweta la bluu? Alikuwa akisaidia wanafunzi hapa. Alifariki zamani."

"Na mnajua kwamba bado anasaidia watu?"

"Wafanyakazi tuko wachache, dada. Na hajawahi kumdhuru mtu."

Hajawahi kumdhuru mtu! Na mwaka wangu je? Huo umeliwa na nani?

Nikaingia chumba cha ndani. Meza nne. Nikahesabu tena, nne. Nje mvua ikaanza, na nilipogeuka, ya tano ilikuwa pale, naye amekaa. Mwingine angekimbia. Mimi nilikuwa nimedhulumiwa, na aliyedhulumiwa hakimbii.

"Mama, umenifelisha! Wakuu wa mikoa si wabunge siku hizi. Vyama viko vingi."

Akaziacha punje zake mezani.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla sijazaliwa!"

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

Nikatazama rafu nyuma yake. Vitabu vyote vya serikali vilikuwa vya enzi zake, hakuna hata kimoja kilichoongezwa. Marehemu alikuwa na udhuru. Walio hai wana udhuru gani? Wanafunzi wangapi wametumwa kwenye rafu ile, wakaambiwa wafanye utafiti?

Nilirudia mwaka, nikafaulu. Lakini mama yule hajaniacha. Mvua ikinyesha mchana, wateja wakipungua, namwona katikati ya nguo zilizotundikwa.

"Kuna jipya, mwanangu?"

Namweleza mawaziri waliobadilishwa, wizara iliyogawanywa, iliyounganishwa tena. Ananiuliza mara mbili, kisha anaondoka. Wala hanunui.

Na tangu nitafune punje zile, kahawa haina ladha kinywani mwangu. Mhaya asiyesikia ladha ya kahawa! Hilo nitamdai nani?

Nawe mwanafunzi, ukisaidiwa maktaba, shukuru, halafu geuza kitabu uone kilichapwa mwaka gani. Anayekusaidia akisema "Chama" tu, muulize kipi. Akikushangaa, waitu, usitafune chochote.