Jiwe na Beseni la Mama Jirani

Jana nilishuka ziwani, nikakuta ufuko wetu umekwisha. Maji ya Tanganyika yamepanda mpaka kwenye msingi wa nyumba ya Mama jirani. Pale alipokuwa akianika ndakala, wale samaki wadogo kama vidole, mawimbi yanacheza peke yao.

Wewe uliyekulia kando ya maji unaijua ile harufu ya samaki, jua na makaa. Nilikuwa darasa la nne, mtoto wa kike asiyefungua mdomo. Mama jirani alitafuta kazi kwenye depo, ghala la wageni huko Kigoma, ng'ambo ya ziwa, nao wangekuja kumuuliza maswali kwa Kiingereza. Kila siku nilipotoka shule, alipindua samaki kwa ufagio huku akinitajia kwa Kiingereza yote aliyoyaona: boti, ndege, wingu. Kilichomshinda ni vile vineno vidogo vinavyotangulia jina la kitu. Alivisahau kama mtu anavyosahau chumvi. Basi alinipa jiwe na beseni tupu. Akiruka kineno, nigonge.

"Mara ya kwanza kitu ni mugeni, tunasema *a*," alinieleza. "Ukikitaja tena, sisi wote tunakijua, tunasema *the*. Sasa wewe njo mwalimu, si mimi."

Ko. Anacheka, anarudia. Ko tena. Sikuhitaji kusema lolote, na nilipenda hivyo.

Siku mbili kabla ya wageni kufika, nikaelewa kwamba akijibu vizuri ataondoka. Siku hiyo aliruka vineno vitatu, mimi nikatazama maji.

"Mutoto, leo jiwe limelala?"

Akaketi mchangani kando yangu, akanipa ndakala mmoja wa kukaanga, akaanza upya, polepole. Aliporuka, niligonga. Niligonga mpaka akamaliza bila kosa.

Wageni wakamchukua kazini.

Siku ya safari nilisimama bandarini, mama yangu amenishika mkono. Kutoka kwenye boti Mama jirani alipaza sauti: "I see girl!" Sijui alisahau, ama alinitega. Sikuwa na jiwe. Nikafungua mdomo.

"The girl," nikasema.

Mashine ya boti ilikuwa imeshawaka. Hata mama yangu hakunisikia.

Shule yangu iliishia la sita, na Kiingereza kingi kimenitoka. Lakini jana niliokota jiwe majini, nikagonga ule msingi wa nyumba yake mara moja, nikangoja kidogo arudie.