Kanda Niliyowapigia Watu wa Namawala

Aibu hii sijawahi kuisimulia yote. Hata mume wangu anaijua nusu tu, na nusu yenyewe nimeipamba.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nasoma mawasiliano ya umma, na kwetu Ifakara hakuna aliyeelewa hiyo ni kazi gani (baba aliwaambia majirani nasomea mambo ya posta, nikamwacha). Likizo ile nikapata mazoezi kwenye mradi wa vyandarua, na bosi akanituma Namawala nihamasishe watu walete vyandarua vyao vichovywe dawa, maana safari iliyotangulia walijitokeza wachache mno, na akaniambia waziwazi kwamba ripoti yangu ya chuo itategemea siku hiyo.

Sasa mimi nikisimama mbele za watu sauti ilikuwa inatetemeka, kwa hiyo nikaamua sitahutubia, nitarekodi ujumbe nyumbani kwa ile sauti nzito ya redioni, halafu niupige kwa redio ya kaseti yenye spika kubwa huku nimekaa pembeni kama mtaalamu. Nikachukua kanda yangu niliyokuwa nikijifunzia utangazaji, nikarekodi juu yake pale mwanzoni, basi. Kuisikiliza hadi mwisho sikuisikiliza.

Uwanja wa shule ulijaa. Nilipokelewa na Mama Skolastika, mhudumu wa afya wa kijiji, aliyeishia darasa la saba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Utaongea mwenyewe?"

"Hapana mama, itaongea redio."

Akaitazama redio, akanitazama mimi.

Ujumbe ulikwenda vizuri. Ulipokwisha nikasogea mbele kupokea makofi, na nyuma yangu sauti yangu ikaendelea: "Na sasa habari za kitaifa. Mtangazaji anayependwa kuliko wote nchini, Bi Agripina, leo ametua Ifakara kwa ndege. Akizungumza na wananchi, Bi Agripina amesema hatakanyaga tena shamba la mpunga, kwani mikono yake sasa ni ya kushika maikrofoni."

Agripina ndiye mimi, na mbele yangu wamekaa wakulima wa mpunga tu. Nikakimbilia redio, nikashika kitufe nikakizungusha, kumbe ni cha sauti, sasa hata waliokuwa mashambani wakasikia kwamba wazazi wangu walilia kwa furaha uwanja wa ndege. Hatimaye nikafanikiwa kuizima. Mzee mmoja akauliza kwa upole kabisa, "Binti, hiyo ndege inakuja lini, tuanze kufyeka uwanja?"

Walicheka mpaka wengine wakaanza kuinuka waondoke. Mimi machozi yananilenga.

Mama Skolastika akasimama. Hakupaza sauti. "Mtoto wetu ana ndoto, si vibaya. Mama Edina, wewe mwanao anaendeleaje?"

Mama Edina akasema homa imerudi.

"Na chandarua tulikichovya wote wawili. Kimekuwaje?"

Yule mama akainamisha kichwa, akasema alikifua siku ya pili yake kwa sababu dawa ilinuka, na mama mkwe alisema harufu ile itamuua mtoto. Wanawake wengine wakaanza kusema hata wao, hata wao, na waliokuwa wameinuka wakakaa tena. Mama Skolastika hakumgombeza mtu, aliuliza tu, akangoja, akauliza tena, akawaeleza harufu inaisha baada ya muda gani, na kwamba ukikifua mapema dawa nayo inatoka. Mimi nilikuwa na madaftari mawili yaliyojaa nadharia za mawasiliano, na humo hamkuwa na mama mkwe hata mmoja.

Kufika mchana foleni ya vyandarua ilikuwa inazunguka darasa. Nilipokwenda kumwomba radhi Mama Skolastika akasema, "Kesho njoo bila redio. Tutatembea."

Tukatembea nyumba kwa nyumba likizo nzima, na yote niliyokuja kuyafanya kwenye kazi hii, hadi leo ninapofundisha wahudumu wa afya vijijini, nilianza kuyajua kwa kumfuata nyuma mama yule. Redioni sikufika. Na niliapa, na kiapo nimekishika, kwamba sitafungua kinywa kijijini kwa watu kabla sijawauliza wao kwanza, nikakaa chini, nikasikia.