Maelekezo ya Kwenda Mji wa Babu

Mzee niliyemhudumia Haberfield, mtaa wa Sydney, alikuwa na tiketi ya ndege ya kwenda Italia mwezi wa nne mwaka 2020. Mwezi wa tatu mipaka ikafungwa. Alikuwa aende kwa dada yake mdogo, aliyekuwa anatimiza miaka themanini katika mji mdogo wa pwani walikozaliwa wote wawili. Yeye alikuwa na themanini na nne. Tiketi akaiweka chini ya sanamu ya Bikira Maria iliyokuwa juu ya friji, hakuizungumzia tena.

Nilikuwa nakwenda kwake asubuhi na jioni, siku sita kwa wiki. Nilimwogesha, nikamvalisha soksi za kubana miguu, nikahakikisha amemeza dawa. Nilitoka Blacktown, ninakoishi, kwa treni, na wakati wa lockdown ya pili, mitaa yetu ilipobanwa kuliko mingine, nilitembea na kibali kwenye simu. Binti yake wa pekee aliishi Perth, upande wa pili wa Australia, na jimbo lile lilikuwa limejifungia. Kwa miezi mingi mtu aliyemwona ana kwa ana nilikuwa mimi tu, tena nusu ya uso, kwa sababu ya barakoa. Aliniuliza kwetu mtu wa umri wake huitwaje, nikamwambia Babu. Akasema jina hilo linamfaa.

Siku moja, nikimkausha vidole vya miguu, aliniuliza kama nimewahi kufika Italia. Nikasema sijafika. Akauliza nitakwenda lini. Wakati ule mtu wa mtaa wangu hakuruhusiwa hata kufika kilomita sita kutoka nyumbani bila sababu, lakini yeye alikuwa anauliza kweli, kwa hiyo nikasema labda mambo yakifunguka.

"Basi chukua kalamu," alisema. "Watu wanakwenda kule bila kuelekezwa, wanarudi wanalalamika."

Nisiende mwezi wa nane, kwa sababu mwezi huo Italia nzima iko ufukweni. Kwenye treni nikae upande wa kushoto, nione bahari kila tunapotoka kwenye handaki. Tiketi niigonge mhuri kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda, la sivyo nitapigwa faini huku ninayo mkononi. Ufukwe wa mbele, wenye miavuli iliyopangwa kwa mistari, ni wa kukodi. Nipite nyuma ya mawe makubwa, huko kuna ufukwe wa bure, ila ni wa kokoto, nivae viatu vya plastiki. Kahawa ninywe nimesimama. Mkate ninunue kabla ya saa sita na nusu, duka la pembeni mwa kanisa, maana baada ya hapo mji wote unalala.

Mimi ni mtu wa Singida. Sijui kuogelea, na bahari nimeiona ukubwani. Niliandika yote kwenye daftari langu la manunuzi, katikati ya sabuni na unga, kwa sababu nikiandika alitulia nikamvalisha soksi bila shida.

Jumapili jioni alizungumza na dada yake kwa tableti. Kule ilikuwa asubuhi. Dada alikuwa mwanamke mwembamba mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, na walizungumza kilugha cha kwao. Babu alimsomea maelekezo aliyonipa, ayathibitishe. Nikaona dada anatikisa kichwa. Babu akanitafsiria bila kunitazama.

"Anasema duka la mkate lilifungwa zamani. Andika hivyo, lakini kwa penseli."

Tangu hapo kila Jumapili walibishana. Babu akisifia baa ya stesheni, dada anasema siku hizi wanauza simu pale. Babu akisema padre huwasalimia wageni mlangoni, dada anasema padre sasa anakuja mara moja kwa wiki kutoka mji wa jirani. Babu alikuwa hajafika kule kwa miaka thelathini. Daftari likawa na maelekezo mawili mawili, ya kwake kwa wino, ya dada yake kwa penseli. Sikuona kama ni jambo la maana. Ilikuwa njia ya kupitisha jioni.

Mipaka ilipofunguliwa binti yake akaja kutoka Perth, akamkuta baba yake amekonda na hatembei zaidi ya hatua kumi. Yeye hakupata likizo ya kutosha. Akaniomba mimi nimpeleke. Mara ya kwanza nilikataa, maana kazi yangu ilikuwa kumwogesha mtu, si kumvusha dunia. Lakini daktari alisema mwaka huu anaweza kusafiri, mwakani hajui. Nikafuatilia viza mara tatu, na pasipoti yangu ya Tanzania na lundo la barua, na mwezi wa tisa mwaka 2022 tukaondoka.

Kwenye treni tulikaa kushoto, tukatazama ukuta wa mawe njia nzima. Bahari ilikuwa kulia. Babu akafikiri, akasema zamani alikuwa anatokea upande wa pili.

Chumba tulipanga karibu na stesheni, palipo tambarare. Nyumba ya dada ilikuwa juu, na kufika kwake ni kupanda ngazi mia moja na nne. Nilizihesabu. Babu alikuwa anazijua tangu utotoni, ila alizikumbuka kwa miguu ya kijana. Dada naye nyonga zilikuwa zimechakaa, na miaka miwili hakuwa ameshuka. Majirani walimpandishia vitu. Hakuna aliyekuwa amezitaja ngazi hata Jumapili moja.

Nilimsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka chini ya ngazi, nikafunga breki. Dada alikuwa dirishani, tukamwona vizuri. Babu akatoa simu, akampigia. Walizungumza karibu nusu saa huku wanatazamana, yeye amenyanyua kichwa, dada ameinamisha chake. Alipokata simu nilimuuliza walikuwa wanasema nini. Akasema walizungumzia hali ya hewa.

Kesho yake asubuhi nilisikia sauti ninayoijua. Nyuma ya kanisa kilikuwa kinapanda chombo cha matairi matatu, kimebeba mapipa ya taka. Kilikuwa bajaji, ile ya kubebea mizigo, hata kukohoa kwake ni kule kule. Nikakifuata kwa miguu. Kilipita kichochoro cha zege kilichojengwa baada ya Babu kuhama, kikazunguka nyuma ya nyumba mpaka makaburini, na njiani kilipita kando ya mlango wa jikoni wa dada yake.

Dereva alikuwa mwanamume wa makamo mwenye buti za mpira. Nilimweleza kwa mikono: mzee, kiti, juu. Akanionyesha mapipa, akakataa. Nikampigia dada, nikampa dereva simu. Sijui aliambiwa nini, lakini alivua kofia akisikiliza. Saa kumi jioni alikuja ameiosha bajaji yote, amefunga kiti cha plastiki nyuma kwa kamba.

Babu akasema yeye si taka.

"Babu," nikamwambia, "kwetu wabunge wanapanda hii wakiomba kura."

Akapanda. Mimi nilitembea nyuma nimeshika kile kiti cha plastiki.

Dada alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea fremu. Alimtazama kaka yake anavyoshushwa, akasema sentensi moja ndefu. Babu alicheka mpaka akakohoa. Nikadhani amepaliwa, nikamshika.

"Anasema angejua nakuja na gari la taka, angeziweka zake nje," alisema.

Kisha akamshika dada yake kiwiko, wakasaidiana kukaa, na baada ya kukaa hawakuachiana. Niliona sina kazi pale. Nilishuka ngazi zote mpaka ufukwe wa kokoto, nikaingia majini mpaka magotini, nikatoka.

Siku tisa dereva alimpandisha saa kumi na kumshusha saa mbili usiku. Siku ya mwisho dada alinipa soseji nene iliyofungwa kwenye gazeti, akamwonyesha Babu kwa kidole, kwamba ni yake.

Ndani ya ndege Babu alinionya nisiitaje uwanjani Sydney, maana nyama ya nje hairuhusiwi kuingizwa Australia. Mimi nina kibali cha kuishi cha kulinda, nikaitaja. Ofisa akaishika kwa glavu, akaitupa kwenye pipa. Babu hakunisemesha mpaka nyumbani. Nilimvua viatu, nikamvua soksi, nikaona miguu imevimba, nikaiweka juu ya mto.

"Ungeniachia hata kipande kimoja," alisema hatimaye.

Nikamwomba radhi. Akaniambia nilete tableti, Jumapili ilikuwa imefika. Dada alipouliza kuhusu soseji, Babu alimjibu bila kusita, kisha akanitafsiria ili tusije tukapishana maneno: nimemwambia ilikuwa tamu, na wewe ulikula zaidi yangu.