Siku Mchungaji Fosta Alipotoka Kwenye Jeneza

Nimeshuhudia mtu akiinuka kwenye jeneza mchana kweupe, akaomba maji ya kunywa.

Sijasimuliwa. Mimi ni mmoja wa waliolibeba lile jeneza.

Naitwa Laitoni. Nachunga kanisa la nyasi huku Nsanje, kusini kabisa mwa Malawi. Uchungaji wenyewe niliupata kwa sababu najua kusoma kwa sauti, na aliyekuwepo kabla yangu alivuka kwenda Msumbiji akaoa hukohuko.

Wachungaji wengi wa huku ni hivyohivyo. Hakuna aliyesomea.

Basi tuliposikia Askofu Nkhwazi anakuja kutoka Blantyre kutufundisha uchungaji wiki nzima, bure, na nsima, ugali wetu wa huku, juu yake, tulijaa mpaka nje.

Somo la kwanza lilikuwa kupiga picha.

"Fosta, vua viatu," Askofu akamwambia mwenzangu.

"Kuna nini, Baba Askofu?"

"Wafadhili hawamtumii msaada mtu mwenye viatu. Vua. Na usicheke, unaharibu."

Tukapigwa picha pekupeku, tumenuna. Kitabu cha mafunzo kilikuwa kimoja tu, nacho kilikaa kwapani mwa Askofu. Sisi tulikiona jalada.

Siku ya somo la mazishi, akasema anataka vitendo.

"Nani atakuwa marehemu?"

Fosta akanyoosha mkono haraka. Alijua marehemu haulizwi maswali.

Tukaazima jeneza kwa seremala wa sokoni, Fosta akaingia, tukafunika, tukambeba kuelekea kanisani huku tunaimba.

Hapo ndipo akili zetu zilipoishia. Hakuna aliyewaza kwamba sokoni kuna watu.

Huku kwetu, jeneza likipita, unalia kwanza, kuuliza baadaye. Kina mama wakaacha nyanya zao, wakajifunga vitenge viunoni, wakafuata wakipiga mayowe. Tunafika kanisani, umati huo!

Askofu akaona kapata hadhira. Akahubiri. Akahubiri tena. Jua la Nsanje mnalijua au mnalisikia? Ndani ya lile sanduku mwenzetu alikuwa anaiva.

Ngo! Ngo! Ngo!

Kifuniko kikaruka. Fosta akainuka, jasho chapachapa.

"Jamani, maji! Nakufa huku!"

Aisee. Watu walitimka hata waliokuja na magongo. Jamaa mmoja alipanda juu ya paa, nyasi zikamwachia, akatua madhabahuni.

Kisha mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka nyuma ya ukuta: "Amefufuka!"

Nikamsogelea Askofu. "Baba, waambie yalikuwa mazoezi."

Akautazama ule umati unaorudi taratibu, wengine wamepiga magoti.

"Laitoni, kanisani kwako umewahi kupata watu hawa?"

"Hapana."

"Basi nyamaza."

Akainua mikono juu. "Mmeona wenyewe!"

Mjanja sana yule. Hakutamka uongo hata neno moja.

Kesho yake asubuhi wagonjwa walijaa uwanjani. Fosta kakaa kwenye kiti, anashikwa mkono kama chifu.

"Mchungaji, huko ulikokwenda uliona nini?"

"Niliona mwanga," anajibu, macho kayafumba.

Nikamnong'oneza, "Mwanga gani? Lilikuwa tundu la msumari!"

"Usiniharibie, Laitoni."

Tukiwa hapo, ukaingia mkokoteni wa ng'ombe. Mbele kakaa Mama Luwiza, mama mmoja wa ng'ambo ya bwawa. Nyuma yake kuna mtu kazungushiwa mkeka.

"Nimemleta mume wangu, Bizeki," akasema. "Amefariki jana."

Kila jicho likamgeukia Askofu.

Askofu akalitupia jicho gari lake. "Mama, mambo haya yanahitaji mfungo. Rudi naye wiki ijayo."

Wiki ijayo! Na joto lile!

Halafu akasema gari lake limeharibika, anakwenda kumtafuta fundi. Akapanda gari hilohilo lililoharibika, akaliendesha vizuri tu mpaka likapotea kwenye vumbi. Kitabu akaenda nacho.

Tukabaki sisi, na maiti, na umati.

Nilitaka kukimbia, siwafichi. Lakini yule mama alikuwa ananitazama mimi.

"Mama," nikasema kwa sauti wasikie wote, "hakuna aliyefufuka hapa. Fosta hakufa. Tulikuwa tunajifunza kuzika."

Watu wakawaka. Matusi yakaanza, bonge la udongo likanipiga begani. Fosta akanivuta shati. "Utatuua wewe!"

Mama Luwiza akainua mkono. Wakatulia.

"Mchungaji, mimi ni mtoto mdogo? Mtu aliyekufa hatoki anadai maji. Nani kawaambia nimekuja afufuliwe?"

"Sasa... umekuja kwa nini, mama?"

"Tangu jana natuma watu watafute mchungaji wa kumzika mume wangu. Kila kanisa naambiwa hayupo, yuko kwenye mafunzo. Mafunzo ya nini? Ya kuzika! Nikasema basi, nitamleta marehemu hukohuko mafunzoni."

Hakuna aliyecheka. Hata ng'ombe walionekana kutushangaa.

Tulimzika Bizeki siku ileile. Nilisahau nilichotaka kusema katikati ya ibada, nikasimama tu kaburini nikalia pamoja na mjane. Fosta alichimba mpaka viganja vikachubuka.

Siku hizi watu wanamwita Lazaro. Anaitika.

Wachungaji wenzangu mnaosoma hapa, nendeni mkasome, elimu ni nzuri. Ila kabla hujaondoka kwenda kufundishwa namna ya kuwafariji waliofiwa, pita kwanza kwa jirani yako usikilize kama kuna anayelia.