Vidonda vya Tumbo vya Mzee Bujiku

Mzee Bujiku wa Didia hakukijua Kiswahili zaidi ya kile cha kuuzia ng'ombe mnadani. Ndiyo maana daktari wa Mwanza alipomweleza ana kwa ana kwamba koo lake la chakula lina kansa, ilibidi mwanawe wa kwanza, Marselino, amtafsirie kwa Kisukuma.

"Anasema una vidonda vya tumbo," Marselino akatafsiri.

Eufrasia, mdogo wake, alikuwa amesimama pale pale. Akafungua mdomo, kaka yake akamkata jicho, akaufunga. Walipotoka nje Marselino akamwambia, "Mzee ukimtajia kansa, hofu itamuua kabla ya ugonjwa." Basi ikapita hivyo, maana kwao neno la mkubwa halijadiliwi, hata likiwa la kijinga.

Dripu za kwanza za dawa ya kansa, alizoambiwa ni za vidonda, zilimsaidia. Mzee akaanza tena kumeza ugali, akarudi kwenye pamba yake, na siku ya kurudi hospitali ilipofika akagoma katakata. Vidonda vimepona, alisema. Nani amewahi kuacha shamba wakati wa palizi kwa ajili ya vidonda? Jirani yake Ndaki, aliyeujua ukweli kama kijiji kizima kilivyoujua, akamletea mizizi ya kuchemsha na kumsifia afya.

Eufrasia alikuwa akipikia madereva wa malori Isaka. Kila alipopata nafasi alikwenda Didia kumbembeleza baba yake, na mzee akamcheka. "Mama Davis, hospitali umeigeuza kanisa?" Alirudi Isaka akiwaka, akibamiza masufuria, akampigia simu Marselino. Jibu likawa lile lile: mpe muda. Muda! Utadhani kansa nayo ilikuwa inangoja palizi iishe.

Mpaka hata uji ukawa haupiti. Siku hiyo Eufrasia hakuomba ruhusa ya mtu. Alimwamkia baba yake, akaketi chini, akasema, "Baba, si vidonda. Ni kansa."

Mzee akauliza, "Nani anajua?"

"Sote."

"Na Ndaki?"

"Na Ndaki."

"Ng'wanone, mwanangu," mzee akasema, "mimi nilikataa kutibiwa vidonda. Kansa sikuikataa. Hamkuniuliza." Akaagiza aletewe shati la safari.

Mwanza, daktari alizitazama picha kwa muda mrefu. Marselino akasogea kutafsiri, kama kawaida yake. Mzee akamzuia kwa fimbo. "Wewe kaa. Atasema Mama Davis."

Daktari akaeleza kwamba uvimbe umesambaa na dripu hazitaufikia tena. Kilichobaki ni dawa za maumivu, na mpira wa kumlishia. Eufrasia akamgeukia baba yake, na neno vidonda likamjia lenyewe mdomoni, jepesi, limeshaiva. Akamchukia Marselino kwa kumfundisha neno hilo, akajichukia kwa kulitamani. Kisha akasema yote, bila kupunguza.

"Amesema tumechelewa, baba."

"Tumechelewa nani?" mzee akauliza. "Ulivyoniambia, si nilivaa shati siku ile ile?"

Marselino akainama. Daktari, asiyejua Kisukuma, akauliza mgonjwa anasemaje, lakini Eufrasia alikuwa bado amemgeukia baba yake.

"Si wewe, baba," akasema. "Sisi ndio tuliokuchelewesha."