Sombe ya Kazuramimba

Mimi wivu ninao na sijawahi kuuficha. Mume wangu anaujua, majirani zetu wa Kasulu wanaujua, na wifi yangu aliujua siku ileile alipoingia sebuleni kwangu akanikuta nimekunja uso kabla hata hajatua mzigo. Nilikuwa nimeshaambiwa kilichomleta. Yeye ni dada mkubwa wa mume wangu, aliishi Tabora, hakujaliwa mtoto, na alikuja kumwomba kaka yake binti yetu akamlee.

Kwao hilo si jambo la ajabu. Mume wangu mwenyewe alilelewa na shangazi yake, na dada asiye na mtoto akiomba kwa kaka yake hanyimwi hivihivi. Mimi ningesema nini? Mtoto ni wa ukoo wa baba yake, na mgongoni nilikuwa na mwingine anayenyonya. "Wifi, wewe huyo unaye, na wengine wanakuja," alinitania, maana sisi mawifi kazi yetu ni kutaniana. Nilicheka naye. Moyoni nilitamani apaliwe na chai yangu.

Mume wangu ni mtu wa kukwepa ugomvi. Akaamua binti aulizwe mwenyewe. Mtoto wa miaka sita, amepikiwa maandazi wiki nzima, amesukwa nywele kila jioni, kalala kifuani kwa shangazi yake kila usiku, halafu eti aulizwe. Nilimwambia mume wangu kwamba hiyo si kuuliza, hiyo ni kunipokonya kwa adabu. Akaenda zake uani, kama kawaida yake nikisema kweli.

Basi siku ya wifi kurudi, mwaka huo wa 2014, mume wangu akaja na wazo lake la matembezi. Tusimsindikize stendi tu. Tuombe lifti mpaka Uvinza, tupande treni itokayo Tabora, tule kila kinachouzwa njiani mpaka Kigoma, tulione ziwa. Jioni treni hiyohiyo ingegeuza, wifi apande arudi kwake, na hapo ndipo binti angejibu kama anakwenda au anabaki. Nguo zake nilizipanga mwenyewe kwenye begi dogo. Kila gauni nililolikunja nililikunja kwa hasira.

Pale Uvinza treni ilichelewa, na wifi hakupoteza muda. Alinunua perege wa kuchoma wa mto Malagarasi, akachuchumaa, akawa anachambua miiba na kumtia binti yangu minofu kinywani. Mtoto anajua kula samaki peke yake tangu ana miaka mitatu. Siku hiyo akawa anafungua kinywa kama kinda.

"Mama, samaki huyu mtamu kuliko wako," akasema, tena kwa sauti.

Watu waliokuwa wanasubiri treni wakacheka. Wifi naye akacheka. Nikageuka upande nikajifanya namtengeneza mdogo mgongoni.

Ndani ya behewa mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu huko wifi alikuwa kwao. Chakula cha treni kina taratibu zake. Muuzaji anakupandishia sahani yake dirishani, unakula chapuchapu, unamrudishia kabla treni haijaondoka. Anayejua safari hubeba chombo chake, akamiminiwa, akala kwa nafasi. Wifi alikuwa na bakuli la plastiki lenye mfuniko. Mimi, mwanamke wa Kasulu kusikopita reli, nilikuwa na mikono mitupu. Karanga zikamiminwa humo, mihogo ya kuchemsha ikafuata, na binti yangu akawa amekaa mapajani pake na bakuli lile magotini kama amezaliwa nalo. Nililionea wivu hata bakuli.

Treni ilipokaribia Kazuramimba nikajisemea, hapa ni kwangu. Hapa wanapika sombe, kile kisamvu chetu cha mawese, kwa ugali wa muhogo. Binti yangu amekula sombe tangu hajaota meno. Nilitaka ale chakula cha mama yake siku hiyo, mkononi mwa mama yake, kabla hajaulizwa chochote.

"Wifi, chukua bakuli langu," akaniambia alipoona nasimama.

"Ahsante, baki nalo," nikamjibu.

Nikashuka na mdogo mgongoni. Wanawake waliokuwa wakiuza madirishani sombe zao zilikuwa zimepauka, mawese ya kuonyesha tu. Nikamwona mama mmoja amekaa na chungu chake nyuma ya wenzake. Nikamwamkia kwa Kiha, mwakeye, akafurahi, akafunua chungu. Mafuta yalikuwa yameelea juu, mekundu hasa. Akaniuliza sahani au chombo. Sikuwa na chombo, na sahani yake nisingeweza kuondoka nayo. Nikamwomba anifungie kwenye jani la mgomba. Akaenda kulikata, akalipitisha motoni lisipasuke, akaweka ugali, akaweka sombe, akafunga kwa kamba ya mgomba. Alifunga vizuri, kwa utulivu kabisa. Honi ikalia akiwa bado anafunga.

Nilikimbia. Na mtoto mgongoni utakimbia wapi? Behewa letu likanipita, nikamwona binti yangu dirishani, shangazi yake amemshika kiunoni asitoke nje. Mkoba wangu na simu vilikuwa kwenye kiti. Nikabaki na sombe.

Lori la chumvi kutoka Uvinza ndilo lililonichukua. Njia nzima sikuwaza kuachwa. Niliwaza kwamba wako wawili tu sasa, wifi na mwanangu, na baba mtu asiyekataa kitu. Nilimwona kabisa akimuuliza kwa sauti ile ya maandazi, na mwanangu akiitikia kwa kichwa.

Nilipofika stesheni ya Kigoma niliwakuta kwenye benchi. Mume wangu alisimama akaanza kunieleza hata sijamwuliza. Mtoto alilia tangu Kazuramimba. Alikataa maji, akakataa kubebwa, akampiga shangazi yake kifuani akisema yeye ndiye aliyeiondoa treni. Kanga ya wifi ilikuwa imelowa bega lote kwa machozi na makamasi. Kando yake lilikuwapo bakuli, na ndani mna migebuka ya kukaanga, wale samaki wa ziwani, aliyomnunulia akibembeleza. Hakuna aliyeigusa.

Binti akanirukia shingoni. Wifi hakuninyanyulia uso.

"Begi lake lile pale," akasema. "Msimuulize tena."

Nilifurahi. Sitadanganya hapa, nilifurahi kweli. Nikakaa kwenye benchi hilohilo, nikafungua jani. Sombe ilikuwa imepoa. Nikamega tonge, nikachovya, nikampa mwanangu, akala kwa njaa, mkononi mwangu. Kwetu mtu hali mbele ya mwenzake bila kumkaribisha, awe nani. Mimi wifi sikumkaribisha. Nilimega tonge la pili, na la tatu, mgongo nimempa.

Binti ndiye aliyechungulia kupita bega langu, mawese yamemchafua kidevu.

"Shangazi, karibu tule."

"Ahsante, mama," wifi akajibu. "Nimeshiba."

Mume wangu akanitazama. Sote wawili tulijua kwamba tangu tutoke nyumbani alfajiri ile wifi hakuwa ametia kitu tumboni. Perege alimpa mtoto minofu yote, karanga alimmenyea yeye, mihogo alimkatia yeye.

Nikamega tonge jingine, nikampa mwanangu.