Kinyonga Aliyegeuziwa Mgongo

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani, pale kwetu Mwandiga, sikuogopa nyoka wala giza. Lakini kinyonga! Hata jina lake sikulitaja wakati wa kula. Basi fikiria nilivyoruka siku Mama aliporudi kutoka Kalinzi kununua maharage, nyuma yake kuna mtoto wa kike nisiyemjua, na begani kwa mtoto huyo kinyonga katulia kama yuko kwao.

Ilikuwa miaka ile watu wa Burundi walipokuwa wakishuka milimani na vifurushi vichwani. Huyu hakuwa na kifurushi wala mtu. Mama alimkuta kachuchumaa kwenye shamba la kahawa, peke yake na mnyama wake. Jina lake, Inamahoro, tulilipata kwa kumbembeleza sana, na baada ya hapo akanyamaza kabisa. Kiha chetu na Kirundi chao ni ndugu, angetaka kusema angesema. Na alikuwa hali. Unamwekea ugali na dagaa, anaitazama sahani mpaka inapoa.

Bibi, mama yake Baba, alipomwona kinyonga alishika kiuno. "Mama we! Mnaniletea hiki kitu na mke wa mwanangu ana mimba?"

Jirani yetu Mama Zuhura akaja mbio na ugoro kwenye kipande cha gazeti. Dawa ya kinyonga kwetu inajulikana: unampaka ugoro mdomoni, anageuka mweusi, kwisha habari yake. Inamahoro akamfunika mnyama wake kwa viganja viwili, akamkazia macho Mama Zuhura mpaka mama wa watu akarudi nyuma.

Bibi ndiye aliyekata shauri. Alikuwa mtu wa miiko, haruki ufagio uliolala mlangoni, na neno lake hata Baba halikanyagi. "Kinyonga aliyeletwa na mgeni hauawi," alisema. "Akila kwenu, ni wa kwenu, na aliyemleta ni wa kwenu. Akikataa chakula chenu, waondoke wote wawili kabla mkosi haujamfika mwenye mimba."

Baba akasema afadhali, maana gari la kuwachukua wageni kwenda kambini lingepita Jumamosi. Kambini angekwenda kwa nani, mtoto asiye na mtu? Nilikuwa nimeshalala naye mkeka mmoja, nimeshamzoea anavyonishika kidole usingizini. Nikajipa kazi ya kumlisha kinyonga.

Loo, ujinga wangu! Tulimchomekea tawi la mti wa kahawa kwenye debe la mchanga, pembeni ya chumba, nami nikamletea dagaa. Akageuza jicho moja huku, jingine kule. Nikamletea ugali, nikaufinyanga vitonge vidogo. Nikamletea uji kwa kijiko! Inamahoro aliniacha nihangaike, kisha akanyunyizia majani maji kwa vidole, na kinyonga akaramba tone. Halafu akamkamata panzi mzima, akamfunga uzi mguuni, akamning'iniza kwenye tawi. Nikaelewa kwamba huyu bwana hali kisichotembea.

Hata panzi hakumgusa. Na watu sasa! Mtaa mzima ulikuja kutazama. Wakimaliza kumtazama kinyonga kawa kijivu kama jivu, wanamgeukia Inamahoro na sahani yake. "Naye hali, jamani! Tazameni!" Mimi niliwachukia wote.

Jumamosi ikafika. Baba alisimama mlangoni na kandambili mpya alizomnunulia Inamahoro za safari. Honi ya gari ikasikika barabarani. Nikashindwa kujizuia, nikapiga magoti mbele ya debe nikilia, "Kula, shetani wewe! Kula!"

Ndipo Inamahoro akasema, kwa sauti ya chini, "Mnamwangalia sana."

Tuligeuka wote.

"Ukiangaliwa sana, huwezi kula," alisema.

Bibi akapiga kofi pajani. "Mtoto kasema kweli. Mkwe hali mbele ya mama mkwe, sembuse huyu! Haya, geukeni wote!" Kwetu mkwe hutengewa chakula chake pembeni, asionekane akitafuna. Basi siku ile kinyonga akapewa heshima ya mkwe. Baba, Mama na tumbo lake, Mama Zuhura na ugoro wake, mimi, Bibi mwenyewe: tukaelekea ukuta wa udongo. Kuchungulia ni mwiko. Honi ikapiga tena, karibu zaidi.

Nikasikia kitu kikikatika, tk. Halafu nikasikia sahani ikivutwa sakafuni, na mtu akitafuna dagaa.

"Tayari," Inamahoro alisema, mdomo umejaa.

Tukageuka. Uzi ulining'inia mtupu. Bibi aliutazama, akajifunga kanga upya. "Kala. Mwambieni dereva aende zake."

Baba akaziweka kandambili chini, akatoka kwenda kwa dereva. Mama alijifungua salama, mtoto wa kiume mwenye kelele. Kinyonga alikaa kwetu akinenepa kwa nzi wa dagaa, mpaka mvua fulani akaondoka bila kuaga.

Inamahoro leo anauza dagaa Kibirizi, na kwa maneno hakuna anayemuweza. Juzi nilikuwa nawahadithia wanawe habari za panzi yule, akacheka mpaka akakalia gunia.

"Dada, kinyonga hakula siku ile! Nilikata uzi kwa meno, nikamtupa panzi dirishani. Yeye alikula kesho yake."

"Shenzi wee! Na Bibi wa watu asijue!"

Akaacha kucheka. "Bibi aliniona. Aligeuza shingo, tukatazamana, uzi bado uko mdomoni mwangu. Kisha akarudi kutazama ukuta."

Bibi aliuogopa mkosi kwa dhati, na mjukuu wake alikuwa tumboni mwa mke wa mwanawe, hatua moja tu kutoka pale. Alivunja mwiko mbele ya kinyonga, akaogopa peke yake mpaka mtoto akazaliwa, na hakutuambia hata siku alipokuwa anakufa. Nampenda zaidi sasa kuliko nilipokuwa mdogo.

Siku hizi mgeni akija kwangu namtengea chakula, kisha nakumbuka kitu jikoni. Nakaa huko nimempa mgongo. Akiomba chumvi, ndipo nageuka.